Pumzi za Watu Kumi na Mmoja

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Desderi Mligo alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha Bibi Anyesi Mgaya, viatu miguuni, kibanio cha nguo puani, Kiko mdomoni, akipumua kwa niaba ya mwenye kitanda. Mwenye kitanda mwenyewe alikaa pembeni juu ya kigoda, kajifunika mablanketi mawili, kidole gumba kakibandika kwenye kioo cha ubavuni mwa Kiko ili mashine iamini kwamba pumzi inayopita ni yake.

"Unalala vibaya," alisema Bibi Anyesi. "Unalala kama mtu aliyekwenda kuposa akakataliwa."

Desderi hakujibu. Ukiongea, Kiko kinafuta dakika zako kumi na kuanza kuhesabu upya, na yeye hakuwa na dakika za kuchezea.

"Na hilo tumbo linavyonguruma! Huko mjini watasema Anyesi wa Lyavangu amemeza simba."

Desderi akaachia upenyo pembeni mwa mdomo, upande wa kushoto, upenyo wa unene wa njiti ya kiberiti. Hewa ikavuja. Namba kwenye kioo ikaanza kuteremka kama mbuzi anayeshuka bondeni: 1,260, 1,225, 1,190. Akabana midomo nusu. 1,180. Hapo. Akaishikilia hapo hapo, jicho moja wazi, mpaka mashine ikalia mara mbili na kuwatumia wakubwa wa mjini habari kwamba Bibi Anyesi Mgaya, miaka themanini na tatu, akiwa amepumzika bila kufanya lolote, anaunguza kalori elfu moja mia moja na themanini kwa siku.

Alitoa kibanio puani, akakaa, na chumba kikamzunguka kidogo.

"Asante, mwanangu," Bibi Anyesi alisema. "Leo nimepumua vizuri sana."

*

Kazi ya upimaji Desderi aliianza akiwa na miaka hamsini, sasa ana hamsini na tisa. Ilikuja baada ya ule mwaka ambao viazi vilioza ardhini kuanzia mlimani mpaka ziwani, na mahindi ya bondeni yakakauka yakiwa yamesimama. Tangu hapo kila mdomo ukawa unalishwa na Kapu, na Kapu likawa linajazwa kwa kufuata moto wa mwili: mwili wako ukiwa umelala tu, unaunguza kiasi gani? Anayeunguza kingi apewe kingi, anayeunguza kidogo apewe kidogo, asionewe mtu. Lilikuwa wazo zuri. Hata Desderi alilipigia makofi siku lilipotangazwa.

Kiko kilipewa jina na watu wenyewe, maana kinafanana na kile cha tumbaku: mrija wa kuweka mdomoni, na mbele kijungu cha ukubwa wa ngumi. Ndani ya kijungu mna vitu viwili tu vya maana. Kimoja kinahesabu hewa inayotoka kifuani ni nyingi kiasi gani, cha pili kinanusa oksijeni iliyobaki humo. Kinachopungua ndicho mwili ulichochukua, na ukijua oksijeni iliyochukuliwa unajua moto ulivyowaka. Basi. Mengine yote Kiko kinayakisia kwa hesabu kilizofundishwa kiwandani. Ilisimuliwa habari ya fundi bomba mmoja wa huko chini aliyepitiwa na usingizi mzito Kiko kikiwa mdomoni, mashine ikatuma salamu za rambirambi, na kapu la wiki ile likaja na sanda. Watu wa Lyavangu waliapa kwamba sanda hiyo wameiona. Kuna mtu aliishona ikawa pazia.

Ila kosa halisi la Kiko halikuchekesha. Ili kihesabu sawasawa, midomo lazima ishike mrija kama mdomo wa mtoto kwenye ziwa la mama. Huko kilikotengenezwa walikijaribu kwa vijana wenye meno thelathini na mawili. Kibogoyo midomo yake inakunjikia ndani, mrija unacheza, na hewa inatorokea pembeni bila kuhesabiwa. Kiko hakijui kuwa hewa imetoroka. Kinadhani mtu anaunguza kidogo.

Bibi Anyesi, kwa pumzi yake mwenyewe, alisoma 720. Chini ya 900 unapewa kapu la mtoto.

Desderi aliandika barua tatu. Jibu lilikuja moja, likiwa limepigwa muhuri vizuri: vifaa vilipimwa upya, na *wastani wa kijiji uko ndani ya kiwango kinachokubalika*. Ni kweli, ulikuwa ndani ya kiwango. Kuna watu kama Desderi mwenyewe ambao Kiko kiliwazidishia kidogo, wapo waliopunjwa kidogo, ukiwachanganya wote kwenye chungu kimoja supu inatoka sawa. Lakini Kapu haliliwi na wastani. Mzee Kastori Ngimbudzi alisoma 690 miezi saba mfululizo, na mwezi wa nane walimbeba kwenda makaburini watu wawili, mmoja kichwani mmoja miguuni, wakiongea njiani kama watu waliobeba mkeka.

Wiki iliyofuata ndipo Desderi alipolala kwa mara ya kwanza kwenye kitanda cha mtu mwingine.

Sasa ni mwaka wa sita. Vibogoyo walikuwa watatu, wakafika kumi na mmoja. Kila mwezi wa upimaji, asubuhi kumi na moja, Desderi aliamka gizani, hakula wala kunywa chai, maana mwili ulioshiba unaunguza zaidi na namba ingeharibika, akapanda na kushuka vilima akabisha hodi, akalala, akapumua pumzi ya mwenyeji. Akitoka hapo ndipo anaanza kazi halali ya kuwapima wenye meno. Chai yake ya kwanza aliinywa saa saba mchana.

Namba hakuzitoa hewani. Alikuwa na mizani ya viazi, ile ya kuning'iniza, na kila mwezi aliwaning'iniza wazee kwenye gunia lenye kamba mbili, wakicheka na kupiga kelele. Mtu akipungua kilo, mwezi huo Desderi anampumulia hamsini zaidi. Akinenepa, anamrudisha. Baada ya mwaka kila mmoja akawa ametulia kwenye namba yake, na Desderi akazijua namba zile kama mpiga filimbi anavyojua matundu.

Tatizo ni kwamba filimbi yenyewe ilikuwa inachakaa. Zamani, midomo ikiwa imebana kabisa, mwili wake ulisoma 1,480. Mwaka huu ulikuwa 1,340 na unaendelea kushuka. Mzee Filoteo Nyagawa, jitu la mifupa, alihitaji 1,300. Unaweza kuvujisha hewa uliyonayo. Usiyonayo utaivujisha vipi?

*

Lori la Kasha lilipanda mlima mchana wa siku ile ile, likiunguruma kwa gia ya kwanza, na nusu ya kijiji ikatoka kulitazama.

Aliyeshuka alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amevaa masweta matatu, pua nyekundu. "Shikamoo baba. Mimi ni Nyamizi Lufega, mkaguzi wa vipimo."

"Marahaba mwanangu. Karibu Lyavangu. Baridi imekupokea?"

"Imenipokea, imenipanda mgongoni, na haitaki kushuka." Akakohoa. "Hiki ni kijiji changu cha arobaini na moja. Natakiwa kupima watu watatu, kwa kura, halafu niende. Kesho jioni ninatakiwa ng'ambo ya ule mlima."

Kasha ni chumba cha kioo, ukubwa wa choo cha shimo lakini kisafi kuliko hospitali, kilichofungwa nyuma ya lori. Mtu anaingia hajala, analala kwenye godoro saa mbili nzima, mlango umezibwa, na mashine inachunguza hewa yote ya chumba, inayoingia na inayotoka, oksijeni iliyoliwa na hewa chafu iliyotemwa. Hakuna mrija, hakuna kibanio, hakuna haja ya meno. Kasha halikisii. Nchi nzima yalikuwepo mawili, na lile lingine lilikuwa na pancha.

Kura ilipigwa na mashine mbele ya watu. Ikawatoa Bibi Anyesi Mgaya, Filoteo Nyagawa, na Rabeka Mligo.

Rabeka alikuwa mke wa Desderi. Alikuwa na miaka hamsini na sita, na fizi zilimmaliza meno mapema. Kati ya wale kumi na mmoja alikuwa wa mwisho kwenye orodha, na kila mwezi wa mwisho kupumuliwa.

Watu watatu, wote vibogoyo, kutoka kijiji cha watu mia nne. Desderi akamtazama yule mkaguzi. Mkaguzi alikuwa anapenga kamasi.

*

Bibi Anyesi aliingia Kashani alfajiri akiwa amevaa gauni lake la kanisani, akatoka anasema godoro ni zuri na angependa wamwachie. Namba ikajiandika mlangoni kwa herufi za kijani: 1,190.

Ya Desderi ilikuwa 1,180.

Mzee Filoteo akafuata. Kasha: 1,310. Desderi: 1,300.

Desderi alisimama pale kwenye matope, na kitu cha aibu kikamtokea: machozi. Miaka sita ya gunia na mizani ya viazi, na alikosea kumi tu! Alijifanya ana vumbi jichoni, ingawa mvua ilikuwa inanyesha.

Rabeka akavua masweta yake, akabaki na kitenge, akapanda ngazi bila kugeuka nyuma. Mlango ukazibwa. Saa mbili.

"Baba Mligo," Nyamizi aliita kutoka kwenye chumba cha dereva. "Njoo ukae huku, kuna joto."

Ndani mlikuwa na harufu ya dawa ya kikohozi. Alimgeuzia kioo kilichojaa mistari inayopanda na kushuka.

"Hizi ni pumzi za watu kumi na mmoja wa kijiji chako. Wanawake saba, wanaume wanne. Mdogo ana miaka hamsini na sita, mkubwa tisini na moja. Wote wanavuta pumzi tatu, wanasita kidogo, wanavuta tatu, wanasita."

"Ni hewa ya mlimani," alisema Desderi.

"Hewa ya mlimani."

"Nyembamba."

"Baba, hata sasa hivi umevuta tatu ukasita."

Desderi akabana pumzi. Wakatazamana. Akaibana mpaka masikio yakavuma, halafu akaiachia yote kwa mkupuo, na kitu kama kicheko kikamtoka nayo.

"Nilipata kichomi nikiwa kijana," alisema. "Tangu hapo ndivyo ninavyopumua."

Nyamizi hakucheka. Alifuta pua. "Kura niliilekeza mimi. Nilikuja kukukamata, sikufichi. Nikadhani utakuwa mtu wa kawaida, anayezidishia jamaa zake. Nimeshawaona kumi na wawili wa hivyo. Sasa angalia." Aligonga kioo kwa ukucha. "Vijiji arobaini, Kiko kinapishana na Kasha mia mbili, mia tatu, mia nne kwa mtu mmoja. Wewe umepishana kumi. Wewe ni kifaa kizuri kuliko kifaa."

"Sasa utaniandikaje?"

"Nikiandika udanganyifu, kifungu cha tisa kinanifunga hapa. Kasha haliruhusiwi kuondoka mpaka kila mtu mwenye namba ya uongo apimwe upya, na namba ya Kasha ikishaandikwa inakaa miaka mitatu, Kiko hakiigusi. Siku tatu kwenye baridi hii. Wewe unafukuzwa, jina lako linasomwa kwenye ghala la makapu mbele ya watu, na analetwa kijana mwenye cheti anayefuata kitabu." Alikohoa mpaka akainama. "Nisipoandika, narudi kwangu. Wewe unaendelea. Wazee wanakula. Nimechoka, baba. Mimi mwenyewe nisingejua jinsi ya kuwapima vizuri kuliko ulivyowapima."

Desderi alijinyoosha kwenye kiti chenye joto. Alikuwa amechoka kiasi kwamba aliona uchovu wake kama mtu wa tatu aliyekaa katikati yao. Akawaza: basi, yamekwisha, na nilikuwa sahihi.

Mlango wa Kasha ulifunguka kwa mlio wa chupa ya soda. Nyamizi alitazama namba kwenye kioo chake kabla haijafika mlangoni.

Kasha lilisema 1,230. Kwenye kitabu cha Desderi, Rabeka Mligo alikuwa 980.

"Uzito wake kilo arobaini na saba," Nyamizi alisema taratibu. "Kabla ya makapu alikuwa sitini na mbili. Baba, huyu si ni mke wako?"

*

Alimkuta Rabeka amekaa kwenye gogo nyuma ya lori, amerudishia masweta yote, anakula maharage baridi kwa kijiko kutoka kwenye kibakuli. Alikula upesi, kibakuli kimekaribia kidevu. Desderi alimtazama kama anayemtazama mtu barabarani. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vikubwa kuliko mikono.

"Mama Ezekia."

"Umekula?" Rabeka aliuliza.

"Mama Ezekia, Kasha limesema elfu moja mia mbili na thelathini."

"Nimeona. Imeandikwa kijani." Akatafuna kwa fizi, akameza. "Limekosea?"

"Halikosei."

Kijiko kikasimama.

Desderi akakaa kwenye gogo. Alijua kilichotokea kabla hajamaliza kukaa. Lyavangu, anayegawa nyama msibani huchukua ya kwake mwisho, na huchukua inayobakia, mfupa au ngozi, na watu wote humtazama mkono wakati anapoichukua. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Ndivyo mkono unavyokwenda tu. Miaka sita iliyopita, alipompumulia mke wake kwa mara ya kwanza, mdomo wake wenyewe ulifunguka pembeni zaidi ya ilivyotakiwa, na namba ikateremka mpaka mahali ambapo hakuna jirani angeweza kusema neno. Mia tisa themanini. Ikabaki hapo. Na wale kumi wote aliwaning'iniza kwenye gunia kila mwezi. Wa kumi na moja alilala naye kitanda kimoja, amejiviringisha masweta kwa ajili ya baridi, na hakuona sababu ya kumpima mtu anayemwona kila siku.

"Ulikuwa unasikia njaa?" aliuliza.

"Swali gani hilo, Baba Ezekia?"

"Mbona hukusema?"

Rabeka aligeuza kibakuli, akakwangua ukingo. "Nilijua unawapima wenzangu kwa mizani. Nikadhani na mimi umeshanipima kwa njia zako. Unapima watu, ndiyo kazi yako. Nikasema namba yangu ndiyo hiyo. Kila nikisikia njaa nikawa najiambia: Rabeka, huu ni uroho. Mwili wako umeshapata haki yake, acha uroho." Alisema bila kupandisha sauti, kama anayesimulia habari za mtu mwingine. "Nimemwomba Mungu aniondolee uroho miaka sita."

Desderi akapangusa macho kwa kiganja.

"Usilie hapa," Rabeka alisema. "Watu wanatazama. Watasema nimekupiga."

Bibi Anyesi alikuwa anakuja na mkongojo wake, gauni la kanisani limelowa pindo. Habari zilishamfika, Lyavangu habari haina haja ya miguu.

"Desderi! Nasikia unataka kwenda kujisema."

"Sijasema chochote, bibi."

"Uso wako umesema. Nakujua tangu unachunga mbuzi za watu na kuzikamua kwa siri. Nisikilize. Umekosea mmoja. Mpe mwenzio namba yake, muombe radhi, mnunulie kitenge, mambo yaishe. Ukiondoka wewe, nani atanipumulia?"

"Kasha. Miaka mitatu."

"Na baada ya miaka mitatu?"

"Sijui, bibi."

"Utakuwa themanini na sita," Rabeka alimwambia.

"Ndicho ninachosema! Hata sitakuwa nimezeeka bado." Bibi Anyesi alichoma mkongojo kwenye matope. "Na hawa wanaong'oka meno sasa hivi? Mwenyekiti kabakiza manne. Nani atalala vitandani mwao? Huyo kijana wa cheti? Atawawekea Kiko, kitasoma mia saba, atasema asante, tutaonana mwezi ujao."

Alisema kweli. Desderi alilipima lile jambo upande huu na ule na kila upande ulikuwa mzito. Akinyamaza, ataendelea kuwalisha watu kwa pumzi inayopungua kila mwaka, na namba zitabaki zikitegemea mdomo wa mtu mmoja anayedhani anaona. Kasha limethibitisha wawili. Waliobaki ni wanane. Kama mwili wake uliweza kumdanganya juu ya mtu aliyelala naye miaka thelathini, je, Mzee Abineri ambaye wamegombania mpaka wa shamba? Je, yule mama wa kule juu ambaye kila akimning'iniza anamtukana? Alikuwa na hakika nao wote. Lakini hata juu ya Rabeka alikuwa na hakika.

"Bibi," alisema, "wewe nimekupumulia sawasawa?"

"Mwenyewe umeona. Kumi tu."

"Nimeona leo. Jana nilikuwa sijui. Nilidhani najua."

Bibi Anyesi akasonya. Halafu akamtazama Rabeka, akatazama kile kibakuli kilichokwanguliwa mpaka kinang'aa. Alivua blanketi moja mabegani, akamwekea Rabeka magotini, akaondoka zake akilaani matope.

*

Dereva alikuwa ameshawasha injini. Lori lilitetemeka, na moshi wake ulitambaa chini kwa sababu ya baridi. Nyamizi alikuwa anafunga masanduku.

"Mwanangu," Desderi alisema, "fungua kitabu. Andika udanganyifu."

Nyamizi hakugeuka. "Baba, nimeshakwambia nilivyochoka."

"Na mimi nimechoka. Andika."

"Ukishaandikwa haufutiki. Utakaa hapa kijijini bila kazi, na jina lako limesomwa ghalani."

"Lisomwe. Ila na wewe kwenye ripoti yako weka neno meno. Andika kwamba Kiko hakijui kupima vibogoyo, nimelisema mara tatu, na wastani wao haujawahi kuwa na njaa."

"Watalisoma wakiamua kulisoma."

"Wewe liweke."

Akakaa kwenye kiti kile kile chenye joto. Nyamizi akavua glovu, akafungua fomu. Akaanza kuuliza kama fomu ilivyotaka: jina la aliyepimwa, namba iliyotumwa, namna ilivyopatikana. Desderi akawataja mmoja mmoja, kuanzia wa kwanza. Kwa kila mmoja alieleza gunia, mizani, kilo za mwanzo na za sasa. Alizijua zote bila kitabu. Nyamizi aliandika kwa vidole vilivyokufa ganzi, mara akisimama kuvipulizia. Mia mbili na saba ya Abineri aliirudia mara mbili kwa sababu ya kukohoa, mpaka Desderi akamsahihisha kwamba ni elfu moja mia mbili na saba, na mzee mwenyewe angekasirika kupunguziwa.

Kumi walipokwisha, kalamu ikangoja.

"Rabeka Mligo," Desderi alisema. "Mia tisa na themanini."

"Uzito wa mwanzo, kwa mizani yako?"

"Sina."

"Uliongeza au ulipunguza mara ngapi?"

"Sikuongeza wala sikupunguza."

Nyamizi akainua macho. "Namba ilipatikanaje, basi? Fomu haikubali nafasi iachwe wazi. Niandike ulikadiria?"

"Kukadiria ni kuangalia kwanza."

"Sasa niandike nini, baba?"

Desderi alitazama kupitia kioo cha pembeni cha lori. Rabeka alikuwa bado kwenye gogo, blanketi la Bibi Anyesi magotini, anatazama huku.

"Andika sikumpima," alisema.

Nyamizi akaandika. Akasubiri kama kuna jingine, na lilipokosekana akapitisha mkono kwenye usukani, mbele ya dereva, akazima injini.